Daftari lilibaki limefungwa

Baraza la watahini lilikosea. Lilimtangaza asistanti wa mwaka wa mwisho wa uzazi na magonjwa ya wanawake kuwa mtaalamu pasipo kufungua daftari lake la upasuaji, nanyi mliokaa ukumbini mliliona mezani tangu asubuhi.

Memwari, yaani tasnifu yake ya utafiti, aliitetea vizuri na takwimu zake hazikuwa na doa. Likafuata swali pekee la kitabibu: mama anavuja damu baada ya kujifungua, utafanya nini? Akataja oksitosini, kukanda mfuko wa uzazi, asidi traneksamiki, na mwishowe kutoa kizazi damu ikikataa kukatika. Jibu sahihi. Hapo ndipo alipaswa kubanwa: umetoa vizazi vingapi kwa mkono wako? Vingapi usiku, mkubwa wako akiwa nyumbani? Nani alisimama ng'ambo ya meza, na mara ngapi alikupokonya kisu? Mwenyekiti akafunga maswali, wakaenda kujumlisha alama.

George Miller, mwanaelimu wa udaktari, alizitenga ngazi hizi za umahiri wa daktari mwaka 1990: kujua, kujua namna, kuonyesha, kutenda. Baraza lilipima mbili za chini, likatoa cheti cha nne. Mwanaelimu mwenzake Olle ten Cate naye, tangu 2005, anafundisha kumkabidhi mwanafunzi kazi mojamoja: hii aifanye nikimtazama, hii nikiwa karibu, hii peke yake. Uamuzi huo hauwezi kutolewa na mtu asiyewahi kumwona akipasua.

Nimelisema miaka mingi na nitalirudia: memwari inapima utafiti, na miaka ya kuzunguka wodini inapima uvumilivu. Hakuna hata kimoja kinachozuia damu.

Daktari Mukwege hakupikwa hivyo. Aliwaona akina mama wakifa katika hospitali ya Lemera kabla hajaenda Angers kusomea uzazi, na mwaka 1989 alirudi Lemera kuwahudumia. Asistanti wetu huyu anaweza kupangiwa hospitali ya mbali, Opala au Bafwasende, ambako hakuna profesa wa kuitwa saa nane za usiku. Kosa lake la kwanza atalilipa mama aliyefikishwa kwa pikipiki akiwa tayari amepauka.

Daftari lisomwe kwanza. Wasimamizi wawili waliosimama naye mezani waandike ni upasuaji upi wanamwachia peke yake, na usioandikwa asipewe. Memwari ije baadaye.