Swali Kwanza, Jaribio Baadaye

Mwaka 1947 Henry Mann na mwanafunzi wake Donald Whitney, wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio mjini Columbus, walichapisha jaribio la takwimu lisilodai data ziwe na mgawanyo wa kawaida. Mkemia Frank Wilcoxon alikuwa amewatangulia mwaka 1945, kwa sampuli zenye ukubwa sawa. Mbinu yao ni kuhesabu jozi.

Tuseme Waafrika Mashariki watano wa Columbus wametuma nyumbani dola 50, 80, 100, 120 na 2,000. Watano wa Kensington-Bailey, mjini Buffalo, wametuma 130, 150, 160, 180 na 200. (Namba nimezitunga.) Wastani wa Columbus ni 470, wa Buffalo 164. Sasa mlinganishe kila mtu wa Buffalo na kila mtu wa Columbus. Jozi ni 25, na Buffalo inashinda 20.

Majibu yote mawili ni sahihi. Anayetaka kujua jumla ya fedha zinazofika Mombasa au Bukavu atumie wastani, maana zile 2,000 zimefika kweli na kuna aliyezipokea. Anayeuliza kama mtu wa Buffalo huelekea kutuma zaidi ahesabu jozi. Hata hivyo asikimbilie kutangaza: tofauti kubwa kiasi hicho au zaidi ingeweza kutokea kwa bahati tu kwa uwezekano wa takriban 0.15.

Ndiyo maana sikubaliani na desturi ya kupima kwanza kama data zina mgawanyo wa kawaida, kisha kuchagua jaribio. Kipimo hicho hakioni kitu sampuli ikiwa ndogo, na ikiwa kubwa hukamata kasoro zisizo na madhara. Uamuzi utoke kwenye swali, kabla data hazijafunguliwa.

Gharama ya kuhesabu jozi ni ndogo. Hata data zikiwa na mgawanyo wa kawaida, katika sampuli kubwa ufanisi wake ni asilimia 95.5 ya ule wa jaribio la t.

Lakini tusiliite jaribio la wastani wa kati, yaani thamani iliyo katikati data zikipangwa kwa ukubwa. Makundi yenye wastani wa kati mmoja yanaweza kutofautiana kwa jozi. Wala si dawa ya uhaba wa data. Watu watatu kwa watatu wana mipangilio 20 tu, hivyo uwezekano mdogo kabisa kwa pande mbili, yaani kundi lolote kati ya mawili likishinda, ni 0.10. Mtafiti aliyejiwekea kikomo cha 0.05 hawezi kukifikia, hata kundi moja likishinda jozi zote 9.