Msitu wa Pugu Ulivyofunguliwa kwa Familia

Vilima vya Pugu huanza kuinuka mara Barabara ya Nyerere inapoupita uwanja wa ndege na kuiacha Gongo la Mboto nyuma. Si vilima virefu, kwani vilele vyake viko kwenye mita 300 hivi juu ya usawa wa bahari. Lakini kwa mkazi wa Tandika, Mbagala au Manzese, ambaye wiki nzima amezungukwa na mabati ya jirani na honi za bajaji, mita hizo zinatosha kubadili hewa. Juu yake kuna Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Pugu-Kazimzumbwi, yenye zaidi ya hekta 7,000, ambayo imekaa upande wa Ilala na upande wa Kisarawe, mkoani Pwani. Familia hupanda huko asubuhi na hotpoti la pilau, ndoo ya maji na watoto waliolala vibaya kwa hamu ya safari, na hurudi jioni viatu vikiwa vyeupe.

Weupe huo unaeleza mengi kuhusu mahali penyewe. Karibu kila kinachomvuta mgeni Pugu kilitengenezwa kwa kazi nyingine: mapango ni mashimo ya mgodi, bwawa ni maji yaliyozuiwa na mikono ya watu, na vijia vingi vilianzishwa na nyayo za watu wa kuni na mkaa. Walioufungua msitu kwa familia walirithi mabaki ya kazi hizo. Mazuri ya matembezi ya Pugu yametokana na urithi huo, na kasoro zake pia.

Kazi ya zamani zaidi inayojulikana vizuri katika misitu hii ya Uzaramo ni ya sandarusi. Katika karne ya 19 watu walichimba ardhini utomvu uliogandamana wa miti ya msandarusi iliyokufa zamani, wakaushusha pwani, ukavushwa Unguja na kufika hadi Salem, Marekani, ulikopikwa vanishi. Ikafuata reli. Wajerumani walianza kuijenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Morogoro mwaka 1907, na vilima vya Pugu ndivyo vilivyokuwa mwinuko wa kwanza kwa treni iliyotoka bandarini. TAZARA nayo ilipita katika vilima hivi miaka ya 1970, na treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024, ina kituo Pugu. Shule nazo zilikuja huku. Chuo cha Mtakatifu Andrea kilihamia Minaki kutoka Kiungani, Unguja, mwaka 1925, na Julius Nyerere alifundisha katika shule ya Mtakatifu Francis, Pugu, aliporudi kutoka Edinburgh mwaka 1952 hadi alipoiacha kazi hiyo mwaka 1955 kwa ajili ya siasa.

Kazi iliyoacha alama kubwa kuliko zote ni ya kaolini, udongo mweupe unaotokana na madini ya mwamba yaliyooza taratibu kwa muda mrefu sana. Hutumika kutengeneza vyombo vya kauri, kulainisha karatasi na kuzidisha rangi. Hazina ya Pugu ni kubwa sana. Wachimbaji waliingia kilimani kwa mahandaki badala ya kufukua juu, na walipoondoka mahandaki yakabaki wazi. Kuta zake zimekatwa wima na bado zinaonyesha alama za sululu. Mtoto akipitisha kiganja ukutani kinatoka kimepakwa unga laini kama wa muhogo, na unga huo ndio unaoonekana kwenye viatu jioni. Wakati wa kiangazi sakafu ni kavu na haina taabu. Mvua ikinyesha, kaolini hunywa maji na kuteleza kuliko sabuni, na hapo ndipo bibi aliyekuja na kanga na ndala anapohitaji kushikwa mikono yote miwili.

Pugu ilitangazwa hifadhi ya msitu mwaka 1954. Tangazo peke yake halikuuzuia mkaa. Ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 2009 ilikadiria kuwa Tanzania ilitumia tani milioni 1 hivi za mkaa kwa mwaka, na nusu yake ilichomwa Dar es Salaam. Watafiti waliopima misitu kati ya mwaka 1991 na 2005 walionyesha kuwa uharibifu ulisambaa kutoka jijini kama wimbi, na kusonga mbele hadi kilomita 120 katika muda huo, sawa na kilomita 9 hivi kila mwaka. Pugu, iliyo kilomita 25 hivi kutoka katikati ya jiji, ilipigwa na wimbi hilo mwanzoni kabisa. Sehemu kubwa ya kivuli anachokalia mgeni leo ni miti iliyochipua upya kutoka kwenye visiki. Msitu huu umepona mara kadhaa, na anayeujali ataona fahari katika vigogo vyake vyembamba.

Mwaka 2020 Pugu na Kazimzumbwi zilipandishwa hadhi kwa pamoja na kuwa hifadhi ya mazingira asilia, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS). Kwa hadhi hiyo, ukataji wa miti ya kuvuna hauna nafasi tena na utalii una nafasi. Kisheria mlango ulifunguliwa hapo. Kuuingiza umma ndani ya mlango huo ni kazi nyingine, na mwanzo wake ni kuondoa hofu.

Misitu ya kando ya jiji ina majina mabaya, na si bila sababu. Upande wa pili wa Dar es Salaam, kwenye Wilaya ya Kinondoni ya zamani, kuna Pande, pori la akiba tangu mwaka 1990, ambako unaota mmea adimu wa Uvaria pandensis uliopewa jina la msitu huo. Wakazi wengi hawaujui mmea huo. Wanachokikumbuka ni Januari 2006, pale wafanyabiashara watatu wa madini na dereva teksi mmoja walipouawa katika msitu huo, kesi iliyotikisa nchi nzima. Mzazi aliyeisikia habari hiyo redioni hawezi kumpeleka mtoto wa miaka sita huko kwa kuwa tu ameona tangazo lenye picha ya kipepeo.

Namna ya kuivunja hofu ya aina hiyo inaonekana vizuri Karura, Nairobi. Karura ni msitu wa hekta 1,000 na ushee, uliotangazwa hifadhi mwaka 1932, na mwanaharakati wa mazingira Wangari Maathai alipigwa hapo Januari 1999 alipokwenda kupanda mti kupinga ugawaji wa viwanja ndani yake. Miaka kumi baadaye bado watu waliogopa kuingia. Kikundi cha Marafiki wa Msitu wa Karura kilianzishwa mwaka 2009, kikashirikiana na Huduma ya Misitu ya Kenya, na mwaka 2011 msitu ukafunguliwa rasmi kwa umma. Yaliyofanywa kati ya miaka hiyo miwili ni mambo ya kawaida kabisa: ua wa waya wa umeme kuuzunguka msitu, walinzi wanaotembea, baadhi yao wakiwa vijana wa mitaa ya jirani kama Huruma, mageti machache yanayojulikana, na njia zilizopewa namba kwenye kila makutano. Aliyepotea akisimama penye namba anaweza kupiga simu na kusema yuko wapi. Kwa mzazi, namba iliyopakwa kwenye kigingi ina thamani kuliko mgahawa.

Pugu haiwezi kuiga ua huo wote. Eneo lake ni mara saba ya Karura, linapakana na vijiji vyenye mashamba hadi ukingoni, na reli zinalikatiza. Njia inayofaa zaidi ni kuwatoa walinzi na waongozaji katika vijiji vya Kisarawe vyenyewe. Muongozaji aliyekulia hapo anajua kijia kipi kinatokea kijijini na kipi kinaishia kwenye tanuri la zamani la mkaa. Anajua pia upupu ulipo, mtambaa wenye maganda ya manyoya yanayowasha, ambao kiangazi hupeperusha vinyweleo vyake kwenye upepo. Kundi la watoto likipita chini ya upupu mkavu, siku imekwisha.

Njia zenyewe zinahitaji ufundi ambao haujitangazi. Vilima vya Pugu ni mchanga na udongo laini. Kijia kinachoshuka moja kwa moja, kama watu wa kuni walivyozoea, kinageuka mfereji baada ya masika mawili. Kijia cha matembezi kinapaswa kukata mteremko kwa ubavu, kikipanda kidogo kidogo, na kila baada ya hatua kadhaa kiwe na gogo la mshazari la kutupa maji pembeni. Anayelipa kosa la njia mbaya yuko mbali. Mto Msimbazi unaanzia vilima hivi na kupita Jangwani, ambako kila mwanafunzi wa Dar es Salaam anajua mafuriko yanayotokea mvua zikizidi. Upande wa kusini maji ya Kisarawe hulisha mto Kizinga, ambao mtambo wa Mtoni, Temeke, huuchotea maji ya bomba. Familia ya Temeke inayoshuka Pugu kwa kijia kilichokatwa vizuri inatembea juu ya chanzo cha maji yake ya kunywa.

Bwawa la Minaki ni sehemu rahisi kuliko zote, na familia nyingi hazivuki hapo. Kuna maji, kuna kivuli, mikeka inatandikwa. Tahadhari yake ni moja: kingo za bwawa la kutengenezwa hushuka ghafla, tofauti na ufukwe wa Kigamboni au Kunduchi ambako mtoto anazama magoti kabla ya kiuno. Mtu mzima mmoja anapaswa kukaa upande wa maji muda wote, bila simu mkononi.

Vijana siku hizi huulizia michezo ya juu ya miti: madaraja ya kuning'inia na waya wa kutelezea angani. Tanzania ina mfano mzuri, daraja la juu ya miti la Hifadhi ya Ziwa Manyara, lenye urefu wa mita 370 na linalofika mita 18 kutoka ardhini. Limefungwa kwenye miti mikubwa iliyokunywa maji ya chemchemi kwa vizazi vingi. Pugu ina mteremko unaofaa waya wa kutelezea, kwa sababu kapi linahitaji mwinamo mdogo tu, waya ukiachiwa kulegea kiasi ili mpandaji apungue mwendo mwenyewe kabla ya breki. Kinachokosekana ni miti ya kuubeba. Waya wa chuma ukimbeba mtu katikati, mvuto unaopokelewa kwenye ncha zake ni mkubwa mara nyingi kuliko uzito wa mtu huyo, na mti uliochipua kisikini miaka 20 iliyopita hauna kifua cha kuhimili hilo. Panahitajika nguzo zilizozikwa kwenye zege. Pale mti mkubwa unapopatikana, waya haupaswi kugusa gome: huwekwa vipande vya mbao katikati, la sivyo hulikaba na mti hufa ukiwa umesimama. Kwa msitu wenye mimea adimu, kama Baphia puguensis, nguzo ni chaguo la heshima hata pale miti inapotosha.

Wanyama wa Pugu ni wadogo. Sange, mwenye pua ndefu kama mkonga mfupi, hukimbia kwenye majani makavu na kusikika kabla ya kuonekana. Komba wa Rondo, mwenye uzito wa gramu 60 hivi na mkia kama brashi ya chupa, hutoka usiku. Anayetafuta pundamilia amekosea njia.

Kilele cha siku ni popo. Maelfu yao hulala kwenye mahandaki ya kaolini na kutoka giza linapoingia, na desturi ya zamani ilikuwa kuingia ndani na tochi. Desturi hiyo iachwe, hata kama kuta nyeupe zinamvutia mtoto kuzigusa. Mwaka 2008 mtalii kutoka Uholanzi alifariki kwa ugonjwa wa Marburg baada ya kuingia katika pango la popo la Maramagambo, Uganda. Pango likafungwa, kisha kikajengwa chumba chenye vioo ambamo wageni huwatazama popo kwa umbali salama. Pugu haihitaji vioo. Mtu akisimama nje, upande unakotoka upepo na mbali na mdomo wa handaki, anaona vizuri kuliko aliyeinama ndani: kwanza mmoja, kisha wanne watano, kisha mkondo mweusi unaopinda juu ya miti kuelekea jijini.

Saa hiyo ndiyo inayopanga siku nzima. Jua la Dar es Salaam huzama kati ya saa 12 na saa 1 kasoro jioni, mwaka mzima. Kwa hiyo mahali pa kutazamia pafikiwe saa 11 na nusu, bwawani kuondokwe saa 10, chakula kiliwe saa 7, na matembezi marefu yafanywe asubuhi watoto wakiwa na nguvu. Usafiri wa kurudi hadi Gongo la Mboto upangwe mapema na muongozaji awe na tochi mbili, moja mbele ya mstari na moja nyuma, kwa sababu dakika 20 baada ya popo wa kwanza kutoka, njia haionekani tena.