Mstari wa Tatu Umeharibu Hesabu Nzima ya Mkopo

Waliolitazama somo la runingani la mfuatano na mikopo wameona wenyewe: mstari wa kwanza safi, wa pili safi, wa tatu aibu. Swali lilikuwa la kawaida kabisa. Mkopo wa shilingi 1,200,000, riba asilimia 1.5 kwa mwezi, marejesho sawa kwa miezi 12. Katika mstari wa pili mwalimu akaandika, vizuri sana, kwamba deni la mwezi ujao ni deni la sasa mara 1.015, toa rejesho.

Kisha, kwa madai ya kurahisisha, akautelekeza mlinganyo wake mwenyewe ubaoni. Akazidisha 1,200,000 kwa 0.015, akapata riba ya 18,000. Akaizidisha mara 12, ikawa 216,000. Akajumlisha na mkopo, akagawa kwa 12, na kutangaza rejesho la 118,000. Jibu akalipigia mistari miwili chini, kama vile kuna la kujivunia.

Nimeshalalamika hapa mara nyingi kuhusu hilo neno “kurahisisha”. Safari hii halikurahisisha chochote, limebadilisha swali. Mstari wa pili unatoza riba juu ya deni lililobaki. Wa tatu unatoza riba juu ya deni ambalo mkopaji ameshalilipa. Nenda mwezi wa 12 uone. Kwa hesabu yake, kila rejesho linapunguza mkopo kwa 100,000, kwa hiyo mwezi wa mwisho zimebaki 100,000 tu. Riba ya mwezi huo? 18,000 ileile. Hiyo ni asilimia 18 kwa mwezi mmoja, kwenye swali lililosema 1.5!

Tuliweke basi rejesho lake la 118,000 katika mlinganyo wake wa mstari wa pili, tuulize ni riba ipi inayofuta deni mwezi wa 12. Inatoka takriban asilimia 2.64 kwa mwezi, karibu 32 kwa mwaka. Yeye alitangaza 18 kwa mwaka, na hakuna aliyemuuliza.

Njia sahihi ilikuwa mbele ya macho yake. Endeleza mlinganyo mwezi baada ya mwezi, na ufikapo wa 12 deni liwe sifuri. Upande mmoja kuna 1,200,000 mara 1.015 kwa kipeo cha 12, yaani kama 1,434,742. Upande wa pili kuna rejesho mara jumla ya 1, 1.015, 1.015 kwa kipeo cha 2, hadi kipeo cha 11. Huo ni mfuatano wa kijometri, na jumla yake ni 13.0412. Gawanya: rejesho ni shilingi 110,016. Riba yote ni 120,192, si 216,000. Mkopaji wa mwalimu wetu amelipishwa 95,808 za ziada ili ubao upungue mistari minne.

Na kama vipeo vilimtisha, angewaiga wahasibu wa zamani wa SACCOS, waliofanya kazi kwa daftari na kalamu. Hao walikata 100,000 za mkopo kila mwezi na kutoza riba juu ya salio: 18,000, kisha 16,500, kisha 15,000, hadi 1,500. Mfuatano wa kiarithmetiki, jumla 117,000. Rejesho halilingani kila mwezi, lakini hakuna anayeibiwa.

Simon Stevin alichapisha majedwali ya riba huko Antwerp mwaka 1582, wakati wakopeshaji wakiyaficha kama siri ya biashara. Richard Witt akachapisha yake London mwaka 1613. Hawakuwa na kikokotoo, walikokotoa kwa mkono, wakaweka kila kitu hadharani ili mkopaji naye aone. Sisi tuna simu inayotoa kipeo cha 12 kwa kufumba na kufumbua, halafu tunawafundisha vijana hesabu inayoficha bei ya mkopo. Wakopeshaji wa kausha damu hawahitaji msaada wa mwalimu wa hisabati.

Mpangilio wa ubao ulikuwa mzuri, na sauti ilisikika.

Kipindi kijacho kianzie mstari wa tatu, na jibu la 118,000 lifutwe mbele ya watazamaji walewale. Nawe msomaji, kabla ya kutia saini popote, dai jedwali la marejesho na uangalie safu ya riba. Riba ya mwezi wa mwisho ikiwa sawa na ya mwezi wa kwanza, rudisha kalamu mezani.