Zipper ya 1938: Ndege Moja, Miruko Miwili

Mwaka 1933, kwenye mashindano ya kitaifa ya ndege za mfano nchini Marekani, Maxwell Bassett aliwabwaga wenzake waliotegemea mpira uliosokotwa. Ndege yake ilivutwa na injini ya petroli iliyobuniwa na Bill Brown, kijana wa Philadelphia. Baada ya hapo ndege za injini zikatengewa kundi lake, na kanuni zikaanza kubana: kwanza kilipimwa kiasi cha mafuta, baadaye zikahesabiwa sekunde za injini kufanya kazi.

Sekunde hizo chache ndizo zilizowaumiza vichwa wabunifu. Ndege hizi hazina rubani wala redio, ikishaachiwa, imeachiwa. Inatakiwa ipande kwa kasi kubwa injini ikinguruma, halafu injini ikizimika ielee polepole, ikae hewani muda mrefu iwezekanavyo. Hiyo ni miruko miwili inayopingana. Kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu ya hewa kwenye bawa huongezeka mara nne, kwa hiyo pembe ya bawa inayofaa kuelea huweza kuinua pua kupita kiasi wakati wa kupanda, mpaka ndege ikajipindua chali.

Jibu la Carl Goldberg, mbunifu wa kampuni ya Comet ya Chicago, lilikuwa Zipper, yenye mabawa ya sentimita 137 kutoka ncha hadi ncha. Bawa halikukaa mgongoni mwa ndege; liliinuliwa juu ya nguzo bapa. Watu waliona umbo la ajabu, lakini nguzo ile ilikuwa na kazi. Ndege ikianza kuteleza upande kwenye kona kali, hewa huipiga nguzo ubavuni, juu ya kitovu cha uzito, na kuisaidia kujinyoosha kabla haijazama kwa mzunguko hadi ardhini. Mkiani nako kulikuwa na bawa dogo lililobeba sehemu ya uzito. Kasi inapopanda, bawa hilo hunyanyua mkia na kuizuia pua isipae mno. Kwa maoni ya safu hii, mkia huo unastahili sifa sawa na nguzo, ingawa nguzo ndiyo iliyobaki kwenye picha.

Kazi ngumu huja baada ya gundi kukauka. Mifupa ya balsa huvikwa hariri au karatasi laini, hulowanishwa maji ili ikazike, kisha hupakwa vanishi. Hapo bawa likijipinda kidogo tu, tabia ya ndege hubadilika. Pangaboi likizunguka, huisukuma ndege nzima ilalie kushoto, hivyo aina hii hurekebishwa ipande ikizunguka kulia, na bawa la kulia husokotwa kidogo ili lisizame ndani ya mzunguko. Majaribio huanza kwa kuirusha kwa mkono juu ya majani marefu, bila injini. Kisha injini huwashwa kwa sekunde chache, cheche ikicheleweshwa ili nguvu ipungue. Fundi mwenye haraka hurudi nyumbani na vipande.

Fundi wa pikipiki za zamani angejisikia nyumbani kwenye injini yenyewe: plagi, platini, kondensa, koili na betri, pamoja na petroli iliyochanganywa na oili nzito. Betri zilikuwa mzigo, lakini zilisogezwa mbele au nyuma kusawazisha uzito. Tena umeme ulirahisisha kuzima: saa ndogo ilikata mkondo, injini ikanyamaza papo hapo. Plagi ya kuwaka moto ya Ray Arden ilipoenea baada ya 1947, betri na koili zilitoka ndegeni. Ikabidi saa ikate mafuta badala ya cheche.

Kulikuwa na hatari nyingine: kuruka vizuri kupita kiasi. Mwaka 1934 ndege ya Bassett ilibebwa na hewa moto inayopanda, ikatoka Camden, New Jersey, na kukaa angani zaidi ya saa mbili kabla ya kutua Delaware. Dawa iliyokuja kuenea ni utambi unaoungua taratibu. Moto ukifika kwenye rababendi na kuikata, bawa la mkiani huinuka kwa pembe kali. Ndege huacha kuelea na kushuka ikiwa imelala bapa, upesi lakini bila kuvunjika. Urefu wa utambi hukatwa uwanjani kabla ya kurusha, kufuatana na upepo na nafasi iliyopo.