Hongera kwa Wauza Vitabu vya Sala

Misa ya kwanza ikiisha, Iringa au Mbeya, meza ya vitabu imeshawekwa mlangoni. Rozari zinaning'inia, vitabu vya sala na maisha ya watakatifu vimepangwa, vingine vikiwa na chapa ya Ndanda au ya Peramiho, walikofika Wabenediktini mwaka 1898. Muuzaji anawajua watu wake: bibi anapewa chenye herufi kubwa, mtoto wa komunyo ya kwanza chenye jalada jeupe. Ukisoma kurasa mbili ukarudisha, hanuni. Anajua utanunua mahindi yako yakishauzwa. Hongera zao. Natamani tu mafunzo ya yoga ya Patanjali, mwalimu wa India ya kale, nayo yaandikwe kwa Kiswahili chepesi namna hii, yauzwe hata sokoni Mwanjelwa, Mbeya, maana paroko, nadhani, mlangoni pake hatayaruhusu.