Nyota Mbili Juu ya Tabora

Darubini ya mchawi katika riwaya humwonyesha mwenyewe lolote alitakalo; kazi yake ni kutazama tu. Sekstanti ya David Livingstone katika tembe la Kwihara, nje kidogo ya Tabora, mwaka 1872, haikuwa na ukarimu huo. Ina kidarubini kifupi, vioo viwili na tao lenye nyuzi, nayo hupima pembe kati ya nuru mbili, basi. Mengine yote ni juu ya mpimaji.

Baharini nahodha hupima kimo cha nyota kutoka pale maji yanapokutana na mbingu. Tabora hakuna mstari huo. Kuna miombo na vilima. Kwa hiyo mpimaji humimina zebaki katika sahani, huikinga na upepo kwa vioo, kisha hujisogeza mpaka aione nyota ndani yake. Halafu husukuma mkono wa sekstanti polepole, hata nyota ya mbinguni na ile ya kwenye zebaki zilaliane. Pembe anayoisoma ni mara mbili ya kimo. Akiigawa, na kosa la mkono wake hupungua nusu.

Jua halimfai. Tabora iko nyuzi 5 kusini ya ikweta, na mwaka mzima jua la adhuhuri halishuki chini ya nyuzi 61. Mara mbili yake hupita 120, ambapo tao la sekstanti nyingi linakaribia kuisha. Basi kazi ni ya usiku, miguu ikiwa imeshachoka kwa safari.

Kimo humpa latitudo. Longitudo ni ngumu zaidi, kwa kuwa huhitaji kujua wakati kamili, kwa mwezi au kwa saa. Kwa saa nzima mwezi husogea kati ya nyota kadiri ya upana wake tu, hivyo kosa la dakika moja ya pembe humtupa mtu kilomita 50 hivi kando. Saa nazo hufa njiani. Wasafiri Burton na Speke, waliofika Kazeh, ilipokulia Tabora, Novemba 1857, iliwabidi watundike risasi ya bunduki kwenye uzi wa karibu mita moja, wahesabu sekunde kwa kuyumba kwake.

Fundi hodari hakiamini chombo chake. Hutafuta nyota mbili, moja kaskazini na moja kusini, zenye vimo vinavyokaribiana. Juu ya Tabora, Kapela hufika kilele chake kaskazini kwenye nyuzi 39. Saa moja hivi baadaye Suheli hufika chake kusini kwenye 42. Sekstanti ikizidisha vimo, Kapela itamsogeza mpimaji kaskazini ya alipo, na Suheli itamsogeza kusini kwa kiasi kilekile. Wastani wa majibu hayo mawili humpa mahali aliposimama. Nusu ya tofauti yake humwambia chombo kinadanganya kwa kiasi gani, na kesho usiku atakitumia hichohicho, uongo wake akiwa ameshauandika daftarini.