Hongera, Mafundi wa Huixcolotla

Halloween ya Oktoba 31 ina vinyago vyake vya plastiki, na sina ugomvi nayo. Watoto wapate peremende zao. Pongezi zangu ni za mafundi wa San Salvador Huixcolotla, mji mdogo katika jimbo la Puebla, Meksiko, wanaochonga karatasi za kupamba Siku ya Wafu, Novemba 1 na 2.

Kazi yenyewe haitaki papara. Karatasi laini za rangi, hata 50 kwa mkupuo, hupangwa juu ya bamba la risasi, mchoro ukawekwa juu yake. Fundi hushika patasi mkono huu na nyundo mkono ule, akagonga tundu baada ya tundu, mpaka fuvu likacheka na mifupa ikacheza ngoma. Mkono ukiteleza, tita zima limeharibika! Karatasi hizo hutundikwa kwenye madhabahu za nyumbani, penye picha za marehemu, mkate na mishumaa.

Mwaka 1998 serikali ya jimbo iliitangaza sanaa hiyo kuwa urithi wa Puebla. Ilistahili. Siku hizi yapo pia mapambo ya plastiki yaliyokatwa kwa mashine, tena kwa bei ya chini. Ukikuta karatasi za mapambo sokoni, uliza kwanza zipi zimepita kwenye patasi, kisha mlipe fundi bila kumpunja.